Balozi Akistaafu, Aandike

Mabalozi wengi wa Afrika hustaafu wakarudi shambani, na waliyoyaona katika vyumba vya mazungumzo yakaishia kwenye hadithi za barazani. Hasara hiyo ni kubwa, na haitushtui inavyostahili.

Francis Mading Deng wa Sudan hakunyamaza. Alizaliwa Abyei mwaka 1938, mtoto wa Deng Majok, chifu mkuu wa Wadinka wa Ngok. Alisomea sheria Khartoum na Yale, akaiwakilisha nchi yake Skandinavia, Kanada na Marekani, akawa pia waziri wa nchi wa mambo ya nje. Baada ya kuacha utumishi wa serikali alijiunga na taasisi ya utafiti ya Brookings, Washington, na huko akalikabili swali ambalo mabalozi hulikwepa: serikali isiyowalinda raia wake ina haki gani ya kuwaambia wengine wasiiingilie? Katika kitabu alichoandika na wenzake mwaka 1996, alijibu kwamba mamlaka ya dola ni dhamana. Mawaziri walimsikiliza, kwa maana alijua wanachokiogopa. Alikwisha kukaa kwenye viti vyao.

Mkimbizi aliyevuka mpaka alikuwa na mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951. Aliyekimbia kijiji chake akalala uwanjani mwa kanisa wilaya ya jirani, ndani ya nchi ileile, hakuwa na mkataba wake. Deng, akiwa mwakilishi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliongoza wanasheria kumwandalia kanuni 30, zilizowasilishwa mwaka 1998. Tazama kanuni ya 20: aliyepoteza pasipoti, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au cha ndoa apewe upya bila masharti ya kumkomoa, na mwanamke apewe kwa jina lake mwenyewe. Aliyewahi kufukuzwa dirishani kwa kukosa cheti anajua uzito wa maneno hayo.

Oktoba 2009, wakizizingatia kanuni hizo, viongozi wa Afrika walipitisha Mkataba wa Kampala, unaozibana serikali ziwalinde waliokimbia makwao ndani ya nchi. Kenya, iliyoshuhudia mamia ya maelfu wakikimbia makwao baada ya uchaguzi wa 2007, ikatunga sheria yake mwaka 2012.

Basi wizara na vyuo vikuu vyetu viamke. Balozi akirejea apewe chumba, wanafunzi na muda wa kuandika. Kurasini, Dar es Salaam, kipo chuo cha diplomasia kinachowafunza wanaoanza kazi. Wanaoimaliza nao wawekewe nafasi papo hapo. Na waanze na waliohangaika Arusha hadi makubaliano ya amani ya Burundi ya Agosti 2000, maadamu wangali hai.