Maji Yamejaa, Gari Linachemka



Gari limetoka gereji asubuhi. Mpira wa rejeta uliokuwa ukivuja umebadilishwa, maji yamejazwa hadi mdomoni, na fundi amelipwa ujira wake. Kabla ya adhuhuri mshale wa joto unapanda, mvuke unafuka, na familia iliyokuwa safarini imeketi kando ya barabara chini ya mwembe. Injini inapopoa na mfuniko kufunguliwa, maji bado yamo. Hapo ndipo lawama huanza: fundi tapeli, rejeta mbovu, gari limerogwa. Aghalabu mkosaji ni hewa.

Kila mara njia ya maji inapofunguliwa, iwe kwa kubadili mpira, pampu au rejeta, maji hutoka na hewa huingia mahali pake. Maji mapya yanapomiminwa, hewa hiyo hupanda na kunasa katika kona za juu: ndani ya kichwa cha injini, katika mabomba ya hita, na pale ilipofungwa themostati. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa, kwa hiyo chuma kilichozungukwa na hewa huungua ilhali rejeta imejaa. Themostati nayo hufunguka kwa nta iliyomo ndani yake, ambayo huyeyuka na kutanuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 90 hivi. Imeundwa kuoga katika maji ya moto. Ikikaa katika hewa, huchelewa kufunguka. Hata geji huweza kudanganya, kwani kipima joto kisichogusa maji kitaonyesha kuwa mambo ni shwari hali kichwa cha aluminiamu kinapinda. (Wenye Volkswagen ile ya zamani ya umbo la kobe, iliyoundwa hadi mwaka 2003, wana haki ya kutucheka: injini yake hupozwa kwa upepo tu.)

Dalili ni rahisi kuzitambua. Utasikia maji yakibubujika nyuma ya dashibodi. Mshale utapanda ghafla na kushuka ghafla. Ukifungua hita, itatoa upepo baridi ingawa injini ni ya moto. Safari za milimani hufichua ugonjwa huu mapema, maana kadiri tunavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Ukimaliza kupanda Kitonga na kufika Iringa, ni nyuzi 95 hivi. Kinachookoa injini ni mfuniko wenye springi, ambao hubana shinikizo na kuyazuia maji yasichemke hata yapitapo nyuzi 110.

Mfuniko huohuo ndio uliounguza nyuso za watu wengi. Ukiufungua gari likiwa moto, shinikizo hutoweka mara moja na maji hulipuka kuwa mvuke. Ngoja hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kukunja uso. Watoto wakae mbali. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kula visikaribie jeraha hilo.

Sasa tuitoe hewa yenyewe. Liegeshe gari baridi likiwa limeelekea mlimani, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini, na uweke mawe nyuma ya magurudumu. Washa swichi, usiwashe injini, uiweke hita kwenye moto kabisa ili njia yake ifunguke. Mimina maji polepole, huku ukiuminya na kuuachia mpira wa juu. Utaona mapovu yakitoka. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha uikaze. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache ingurume taratibu, nawe usiinamie mdomo ule, kwa kuwa maji huweza kufurika. Themostati itakapofunguka, mpira wa juu utapata joto na maji yatashuka ghafla. Ongeza. Mapovu yakikoma na hita ikatoa joto, funga. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, tazama tena; mara nyingi maji yatakuwa yamepungua kidogo.

Magari ya abiria ambayo injini yake imo chini ya viti vya mbele yana ukaidi wa pekee. Mabomba yake ni marefu, yanashuka na kupanda, na hewa hupata maficho mengi. Mafundi stadi hukata kitako cha chupa ya maji, wakaubana mdomo wake kwenye mdomo wa rejeta, wakaijaza. Maji yakiwa juu kuliko injini nzima, hewa hukosa pa kukimbilia.

Kuna dawa nyingine ya mitaani ambayo safu hii haiikubali, nayo ni kuing'oa themostati na kuitupa. Injini hubaki baridi mno na kula mafuta zaidi. Na katika baadhi ya injini sehemu ya maji hurudi ndani bila kupita kwenye rejeta, likachemka vilevile. Afadhali uitazame themostati mpya: nyingi zina tundu dogo lenye kipini kinachochezacheza. Tundu hilo lapasa kuwa juu, ndiyo njia ya hewa.

Na iwapo mapovu hayakomi hata baada ya nusu saa, au hewa inarudi kila juma, acha kumimina maji. Huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua, na moshi wa silinda unasukumwa ndani ya maji. Hapo gari lisisafiri tena hadi kichwa kifunguliwe na kupimwa kama kimepinda.

Ukiwa umetumia kulanti, chombo ulichokingia mabaki kisiachwe uani. Kulanti nyingi zina ladha tamu, nazo ni sumu kali kwa mtoto na kwa mbwa.