TUNA MARAFIKI ULAYA, JE, JIRANI?



Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, watetezi walishinda kwa kishindo. Walidai kwamba kuwamo kwa Kenya Airways katika muungano wa SkyTeam ni fahari tupu kwa nchi yetu. Mimi sikupata nafasi ya kusema maana kengele ililia, na sisi wa kutwa tunajua kwamba gari la jioni halimngoji mtu. Basi nasema hapa.

Kwanza tuelewane. Muungano wa ndege si kampuni moja. Hebu fikiria matatu: unatoka Kisumu kwenda Mombasa, unakata tikiti moja tu, ukifika Nairobi makanga wa gari lingine anakupokea na gunia lako linahamishwa bila wewe kuligusa. Ndivyo wafanyavyo wakubwa hawa wa angani. Star Alliance ilitangulia Mei 1997 ikiwa na mashirika matano: Lufthansa, United, Air Canada, Thai na SAS. Oneworld ikafuata Februari 1999. SkyTeam ndiyo kitinda mimba, ilizaliwa Juni 2000 na Air France, Delta, Aeroméxico na Korean Air.

Sisi tuliingiaje? Eti tulialikwa kwa ubora wetu! Ubora upo, sikatai, lakini tusisahau pesa. Serikali ilipouza shirika letu miaka ya tisini, KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26 ya hisa. KLM nayo ikaungana na Air France, ikaingia SkyTeam mwaka 2004. Mwaka 2007 tukapokewa kama washirika wa pembeni, na Juni 2010 tukawa wanachama kamili, wa kwanza kutoka Afrika. Urafiki wa ndege hufuata mfuko, bwana. SAS, mmoja wa wale watano walioanzisha Star Alliance, alihamia SkyTeam Septemba 2024 baada ya Air France-KLM kununua hisa zake. Mzazi kamtoroka mtoto!

Sisemi tutoke. Anayekwenda Marekani kupitia Amsterdam anafaidika, na mzigo wake pia. Kinachoniuma ni hiki: Ethiopian Airlines, jirani yetu kabisa, aliingia Star Alliance Desemba 2011, akawakuta humo South African Airways na EgyptAir. Royal Air Maroc akaenda Oneworld mwaka 2020. Yaani kila mmoja ameshikwa mkono na tajiri wake wa mbali, na sisi kwa sisi tunatazamana tu kama wageni kwenye kituo cha basi.

Na si kwamba hatujui kushikana. East African Airways ilianzishwa mwaka 1946, ikawahudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kuanzia 1966 ilikuwa na ndege kubwa aina ya Super VC10 zilizoruka hadi London. Huo ulikuwa ushirika wetu wenyewe, miaka hamsini na moja kabla ya Star Alliance! Ukafa 1977 pamoja na Jumuiya, kwa madeni na ugomvi wa nani alipe nini. Kenya Airways ikazaliwa mwaka uo huo.

Mkataba wa kufungua anga ya Afrika ulikubaliwa Yamoussoukro mwaka 1999. Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa ndege. Sahihi tunazo tele. Ninachotaka mimi ni ushirika wa Nairobi, Entebbe, Dar es Salaam, Kigali na Addis Ababa: tikiti moja, ratiba zinazongojana, gunia linalofika.

Rafiki yangu mmoja alinicheka, eti maskini watano hawazai tajiri. Nikamwambia SkyTeam ilianza na wanne. Na yule wa Kidato cha Nne aliyewaongoza watetezi anajijua. Toleo lijalo kurasa ziko wazi, ajibu.