Acheni Kubandika Jipsamu Kwenye Ukuta Mbichi

Ndugu wasomaji, leo naweka kando mahindi na korosho, tuzungumze juu ya kuta. Pesa ya mauzo ikiingia, wengi wenu hukarabati nyumba. Na huku kwetu pwani kuna ushauri unaopita nyumba hadi nyumba: ukuta ukibabuka rangi na kutoa chumvi, usihangaike na plasta, bandika bodi za jipsamu kwa gundi, piga skimu, paka rangi, kwisha kazi. Nasema wazi kwamba huo si ukarabati. Ni kumvika mgonjwa shati jipya.

Tuanze na jambo mnalolijua. Kila msimu tunakumbushana kwamba gunia la mahindi lisilale sakafuni wala lisiegemee ukuta. Liwe juu ya chaga, hewa ipite. Sababu ni unyevu, ambao huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Sasa, bodi ya jipsamu ni nini? Ni jasi iliyogandishwa katikati ya karatasi mbili. Karatasi ni chakula cha ukungu, na mchwa nao huipenda. Jasi yenyewe ikikaa na maji hulainika na kumong'onyoka. Wewe unayekataa kuegemeza gunia ukutani kwa miezi michache, unakubalije kugandisha karatasi hapo kwa miaka yote?

Bodi haikaushi ukuta. Gundi huwekwa kwa mabonge, na nyuma ya bodi hubaki uwazi mwembamba usiopata hewa. Ukuta ukiwa mkavu, uwazi huo hauna neno. Ukiwa mbichi, umejengea ukungu banda lake, gizani, mahali usipoweza kufika na ufagio. Gundi nayo hushindwa kushika vizuri juu ya chumvi na rangi inayobabuka, na mabonge huvuta unyevu hadi kwenye bodi, madoa yakajitokeza. Wakati huo fundi ameshaondoka, na anayelala chumba hicho ni mtoto mwenye pumu.

Nitaambiwa: "Zipo bodi za kijani, hizo hazidhuriki na maji." Si kweli. Zimetengenezwa kustahimili mvuke wa jikoni au bafuni, si maji yanayopanda kutoka msingini mchana na usiku. Nitaambiwa pia kwamba plasta mpya ni ghali. Piga hesabu vizuri. Bodi zikioza utalipa kuzibandua, utalipa kuzitupa, na ukuta utakuwa bado unakudai matengenezo yale yale uliyoyakimbia.

Siichukii jipsamu. Ukuta wa ndani uliokauka lakini umepinda, kuubandika bodi ni njia nzuri na ya haraka. Ila ifanywe inavyotakiwa. Kwangua rangi inayobabuka, futa vumbi. Weka mabonge katika safu 3 au 4 za wima kwa bodi ya mita 1.2 kwa 2.4, na mstari wa gundi usiokatika kuzunguka kingo zote. Inua bodi kama milimita 15 kutoka sakafuni, isinywe maji ya kudeki. Nyoosha kwa pima maji kabla gundi haijashika. Panapokuja kabati au televisheni, usitegemee bodi: skrubu ipenye hadi kwenye tofali.

Kabla ya yote hayo, pima unyevu. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache saa 24. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni hewa ya chumba, fungua madirisha.

Kama ni ukuta, tafuta chanzo. Je, udongo wa nje umerundikana kuliko usawa wa sakafu? Uondoe. Maji ya bati yanamwagika ukutani? Weka gata, chimba mfereji. Bomba linavuja? Je, msingi ulijengwa bila nailoni ya kuzuia maji? Je, plasta ilichanganywa na mchanga wa baharini? Chumvi ya mchanga huo huvuta unyevu hewani, kwa hiyo plasta hiyo ibomolewe, ipigwe nyingine ya mchanga safi. Kisha subiri ukuta ukauke, hata kama ni miezi, na urudie kipimo cha nailoni.

Fundi akikuletea bei ya bodi na gundi, muulize swali moja tu: maji haya yanatoka wapi? Kama hana jibu, usimpe hata senti ya malipo ya awali.