Mnapima nini hasa? Barua ya wazi kwa Baraza la Taifa la Huduma za Watoto

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza,



Ninawaandikia ninyi kutoka Mtongwe, ng'ambo ya feri ya Likoni, Mombasa, kwa sababu mashirika ya kuasili watoto husajiliwa kwenu, na kwa sababu nimechoka na majibu ya mdomo. Nina miaka 41. Nimeolewa mwaka wa sita sasa. Mume wangu ni seremala, mzaliwa wa Moa, upande wa Tanga. Tumepoteza mimba tatu, na hilo sitalirefusha.

Mwaka juzi tulivaa nguo zetu za Idi tukaenda kwenye ofisi ya shirika moja ambalo sitalitaja, maana sina ugomvi na mtu. Mama aliyetupokea alikuwa mpole, hata maji ya kunywa alituletea. Akasoma ripoti ya daktari: kilo 96, urefu sentimita 160, presha imepanda kidogo. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akachukua kitambulisho cha mume wangu, akakigeuza mbele na nyuma, akakiweka mezani. Kisha akasema, "Dada, punguza mwili kwanza. Utafute na kazi ya kueleweka. Na huyu bwana ni Mtanzania, kwa hiyo kesi yenu ni ya kimataifa, na ya kimataifa imefungwa."

Nikamwomba aniandikie hayo kwenye karatasi. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeombwa amwandikie mtu ndoto yake.

Nianze na mwili, kwa sababu ndio niliouhangaikia zaidi.

Huku kwetu mwanamke akiolewa asinenepe, anayeulizwa ni mume. Mimi nilinenepa kama ilivyopasa. Mama mkwe alipokuja kututembelea mara ya kwanza alinishika mkono hapa juu, akatabasamu, akamwambia mwanawe kwamba amemtunza mtoto wa watu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mkono huohuo siku moja utawekwa kwenye faili. Daktari wa kliniki alinieleza kwa utulivu: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ukigawanya kilo kwa urefu wa mita mara urefu huohuo ukapata 30 kwenda juu, huo ni unene wa kupindukia. Yangu ilikuwa 37 na nusu. Akasema presha inaweza kushuka bila dawa nikijitahidi. Huyo nilimsikia, kwa sababu alikuwa akizungumzia moyo wangu.

Nikaanza kutembea. Kutoka Mtongwe hadi kivuko cha Likoni na kurudi, kabla jua halijakaza. Nilipozoea nikawa ninavuka kwa daraja la kuelea la Liwatoni, lile lililojengwa wakati wa korona, ninalimaliza nikihema kama punda wa Lamu. Nikaacha sukari kwenye chai, jambo ambalo kwa mtu wa pwani ni kama kuhama mji. Wali nikaupima kwa kikombe. Viazi karai nikawa ninaviangalia tu.

Kilo zilipoanza kutoka, mtaa ulianza kusema. Jirani mmoja aliniuliza kama nina sukari. Mwingine akamuuliza dada yangu, si mimi, kama nimepima ule ugonjwa. Wa tatu aliamua kwamba mume amepata mwingine huko kwao Tanga. Mwanamke akinenepa huku anaulizwa ana mimba ya miezi mingapi. Akikonda anaulizwa anaumwa nini. Nimepita milango yote miwili, na kwa kila mmoja nilitakiwa nitoe maelezo.

Leo nina kilo 79. Presha imeshuka, na daktari ameandika hivyo. Lakini kwa kitabu bado nimezidi: hesabu yangu ni karibu 31. Sasa niambieni, wajumbe, je, nimefaulu au nimeanguka? Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imetaja umri waziwazi: mwombaji awe ametimiza miaka 25, asiwe amefika 65, na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Hiyo ni mizani ninayoiona kwa macho. Kilo haikuzitaja. Kama mnachotaka kujua ni iwapo nitakuwa hai mtoto anapomaliza shule, swali hilo ni halali, na daktari ana majibu. Lakini kama kuna nambari ambayo afisa anaibeba kichwani, itoeni kichwani iwekwe ukutani, ili mwanamke wa Kisauni au wa Chaani anayefunga njaa sasa hivi kwa ajili ya mtoto ambaye hajamwona ajue anafunga mpaka lini.

Kazi sasa.

Nilikuwa karani katika yadi ya makontena Changamwe kwa miaka 11. Kazi yenyewe haikuwa na jina kubwa, lakini ilikuwa na hati ya mshahara kila mwezi, na hati hiyo ndiyo inayokosekana kwenye faili langu. Ninyi mliopo Nairobi mnaijua reli ya SGR kwa upande wa faida. Treni ya abiria ilizinduliwa Mei 31, 2017. Mwanzo wa 2018 ikafuata ya mizigo. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote iende kwa reli, watu wa Mombasa wakaingia barabarani, na wanaharakati wa Okoa Mombasa wakapaza sauti mpaka amri ikasitishwa. Lakini yadi hazikungoja. Kontena zilikuwa zimeanza kutupita zikielekea bara, malori yakawa yanalala Miritini bila mzigo, na mwajiri wangu akatupunguza watu 14 siku moja, kabla ya chakula cha mchana. Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa. Meza yangu haikurudi nayo.

Basi nikakaanga mahamri. Ninaamka saa tisa usiku, ninakuna nazi, ninasaga iliki, na saa kumi na mbili vijana wa bodaboda wameshapanga foleni. Mbaazi za nazi ninapika kando. Nilianza na karai moja mlangoni. Sasa ninayo matatu, nina msichana anayenisaidia kusukuma, na ninapeleka mahamri kwenye shule mbili na kantini moja ya wafanyakazi. Kama mnataka kupima nia ya mtu, mpeni kazi ya kukaanga mahamri siku anayoanza kupunguza uzito. Wiki za mwanzo nilikuwa nikionja kila sinia, najidanganya kwamba ni ukaguzi wa ubora. Siku hizi mwonjaji ni mume wangu, na kitambi kimehamia kwake.

Nina taarifa za M-Pesa za miezi 24. Kila shilingi iliyoingia ina saa na tarehe, na mwezi mzuri unapita ule mshahara wangu wa karani. Hata hivyo "kazi ya kueleweka" imebaki kuwa ile ya kuajiriwa. Hebu pitieni Likoni, Kisauni na Changamwe mhesabu nyumba ambazo mkate wake wa kila siku unatoka kwenye hati ya mshahara. Mama ntilie, fundi cherehani, mwenye kibanda cha mboga Kongowea, wote hawa wanalea watoto waliowazaa bila kibali cha mtu. Sisemi kipato kisikaguliwe. Kikaguliwe, hata kwa ukali. Ila semeni wazi kwamba taarifa ya M-Pesa ni ushahidi, ili ikubalike kwa kila afisa na isitegemee roho ya aliye zamu.

La tatu ndilo linaloniamsha kabla ya saa tisa.

Moa na Vanga, iliyo upande wetu wa Kenya, ni majirani. Mashua ya mvuvi haijui imevuka nchi. Mpaka ulioko kati yao Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba hadi ziwa Viktoria, na tangu hapo shangazi akawa wa nchi moja na mpwa wake wa nyingine. Harusi hazikusimama. Mahari inapita mpakani Lunga Lunga, jeneza linapita Horohoro, na mkeka wa msiba unatandikwa pande zote mbili. Mume wangu ameishi Mtongwe miaka kumi na moja. Milango ya msikiti wetu ameitengeneza yeye. Lakini neno "mgeni" likisomwa kwenye karatasi, yeye na tajiri aliyeshuka jana Uwanja wa Ndege wa Moi akitokea Ulaya ni kitu kimoja.

Nisieleweke vibaya. Marufuku ya Novemba 2014, Baraza la Mawaziri liliposimamisha uasili wa watoto wetu kwa wageni, sikuilaumu. Iliporudiwa Septemba 2019 sikuilaumu pia. Watoto walikuwa wakigeuzwa bidhaa. Mwaka 2020 sote tulitazama filamu ya BBC kuhusu wezi wa watoto jijini Nairobi, na mama zetu wakaanza kuwafunga wajukuu kanga kiunoni wakienda sokoni. Wala si Kenya peke yake. Ethiopia ilifunga mlango huo mwaka 2018, na China, iliyopeleka nje watoto zaidi ya laki moja na nusu, ilifunga Septemba 2024. Mlango ukivunjwa na mwizi, mwenye nyumba ana haki ya kuupigilia misumari.

Lakini baada ya kupigilia, mtu huangalia nani amebaki nje. Uganda walipobadili sheria yao mwaka 2016 hawakutazama pasipoti peke yake. Mgeni anayetaka kuasili sharti awe ameishi nchini mwaka mmoja angalau, na awe amemlea mtoto huyo mwaka mmoja chini ya uangalizi. Yaani walipima makazi na malezi. Kwa kipimo hicho mume wangu amefaulu mara kumi, na mfanyabiashara wa watoto hafaulu hata mara moja, maana biashara haina subira ya mwaka. Ninajua Katiba yetu, kifungu cha 15, inampa aliyeoana na raia kwa miaka saba haki ya kuomba uraia, na Mungu akipenda miaka hiyo ikitimia ataomba. Ninachouliza ni hiki: ndoa ambayo mmoja ni Mkenya, na wote wawili wanaishi Kenya, na mtoto atakulia Kenya, ina nini cha kimataifa? Toeni jibu lililoandikwa. Likiwa "hapana" nitalipokea, ila lisainiwe.

Kuna jambo jingine ambalo pengine lingetupunguzia sote kazi. Mama yangu aliposikia tunataka "kuasili" alishtuka, akadhani nimesema "kuasi". Nilipomfafanulia akashtuka zaidi, kwa sababu katika dini yetu mtoto habadilishwi nasaba. Mtoto wa kulea anabaki na jina la babake, hata kama babake hajulikani aliko. Harithi kama wa damu, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi. Nikamwambia mama kwamba sheria ya 2022 imelitambua hilo, imelitaja kwa jina lake, kafaalah: Mwislamu mwenye uwezo anamchukua mtoto aliyekosa familia, anamlea, asili yake haiguswi. Mama akasema, "Kumbe! Hiyo si ndiyo tuliyolelewa nayo?" Na kweli, yeye mwenyewe alilelewa na mama mdogo wa babake, Timbwani, na hakuna faili lililofunguliwa.

Sisi tunataka hiyo. Hatutaki kumpeleka mtoto kokote wala kumfuta jina. Lakini siku ile ofisini neno kafaalah halikutajwa hata mara moja mpaka nilipolitaja mimi, na nilipolitaja niliulizwa linaandikwaje. Mkakati wenu wa taifa wa 2022 hadi 2032 unasema watoto watolewe kwenye makao waingie kwenye familia. Pwani ndiko mngepata familia hizo kwa haraka, lau mlango huu ungeelezwa misikitini na kwa machifu, kwa lugha ambayo Katiba, kifungu cha 7, imeiita ya taifa na rasmi. Fomu zote nilizopewa zilikuwa za Kiingereza. Mume wangu, anayesoma Kiswahili kuliko mimi, alitia sahihi mahali nilipomwonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo ninaomba karatasi moja. Iwe ya Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi ya watoto ya kila kaunti ndogo, iseme afya inapimwaje, kipato kinathibitishwaje kwa mtu asiyeajiriwa, wenzi wenye uraia tofauti wanahesabiwaje, na anayetaka kafaalah aanzie dirisha lipi. Ikinikatalia nitajua nimekataliwa na sheria. Sasa hivi ninahisi nimekataliwa na mapaja.

Mkipenda kuja kukagua nyumba, njooni alfajiri, ndipo tunapokuwa sote. Kutoka kwenye feri mpande matatu ya Mtongwe, mshuke mkisikia harufu ya iliki. Chumba cha mtoto kiko upande wa kibla, kina dirisha. Kitanda mume wangu alikitengeneza kwa mbao za mwembe miaka mitatu iliyopita, na kingo zake amezisugua msasa mpaka hazimchomi mtu. Kwa sasa tumeweka juu yake magunia mawili ya unga wa ngano, kwa sababu sakafuni unapata unyevu.

Wenu,
Mama wa mahamri,
Mtongwe, Likoni