Mkeka Usio na Bei

Watetezi wa kubeti wana neno moja wanalolipenda kuliko yote: halali. Waulize kuhusu vijana wanaojazana vibandani Rumonge kila Jumamosi, watakuonyesha kibali kilichobandikwa ukutani. Waulize kuhusu pesa ya wiki nzima iliyoyeyuka kabla jua halijazama, watakujibu kwamba kampuni imesajiliwa, inalipa kodi, na hakuna aliyelazimishwa. Likishatamkwa neno hilo, mjadala umefungwa. Mimi nataka kuufungua tena, kwa sababu sheria za kubeti, za majirani zetu na za mbali, zimehangaika mno na swali la nani aruhusiwe kuuza, zikasahau kuuliza anauza nini na kwa bei gani.

Niseme mapema kwamba siandiki kuomba marufuku. Masheikh wetu wa Rumonge wanahubiri kwamba kamari ni haramu, wachungaji nao hawako mbali na hapo, na binafsi nakubaliana nao. Lakini anayewasikiliza hao hahitaji sheria, kwa kuwa ameshaacha au hakuanza kabisa. Sheria huandikwa kwa ajili ya yule ambaye mawaidha hayakumfikia. Tena marufuku katika mji wa mwambao ni kitu kigumu. Kigoma iko kusini yetu kwenye ziwa hilihili, Uvira inatazamana na Bujumbura ng'ambo ya ziwa, na simu haina haja ya boti. Marekani kuna majimbo mawili, Utah na Hawaii, ambayo hayaruhusu kamari ya aina yoyote, hata bahati nasibu ya serikali. Hawaii imezungukwa na bahari. Utah inapakana na Nevada, ambako kasino zimejengwa mpakani kabisa, katika mji wa West Wendover, kusubiri magari yanayotoka upande wa pili. Rumonge inafanana na Utah zaidi kuliko Hawaii.

Basi turudi kwenye hicho kinachoitwa halali, tuone kimesimama juu ya nini. Nina miaka 22. Tanzania, ambako umri wa kubeti ni miaka 18, mimi ni mtu mzima. Kenya pia. Katika majimbo mengi ya Marekani yanayoruhusu kubeti michezo, umri ni 21, kwa hiyo hata New Jersey ningekaribishwa. Lakini nikifika Kampala nageuka mtoto, kwa maana sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25. Nchi tatu za Jumuiya moja, na mimi ni yuleyule. Siwacheki Waganda, maana angalau walijiuliza ni umri gani kijana anaanza kushika pesa yake kwa akili. Ila mstari wa umri ni kazi ya mlangoni tu. Ukishavuka mlango, uwe na miaka 18 au 25 au 60, unauziwa kitu kilekile, na hakuna anayekwambia gharama yake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Fika soko la Rumonge asubuhi. Mawese yanauzwa kwa bidoni, na mama anayeuza anajua kwamba akipunguza kidogo juu ya bidoni, mteja ataliinamisha mbele ya watu wote. Ndagala zina kipimo chake. Mukeke unawekwa kwenye mizani, na mizani ikishukiwa, ugomvi wake unasikika hadi barabarani. Kila kitu kina bei na kipimo, na mnunuzi ana haki ya kupiga kelele. Kitu pekee kinachouzwa mjini bila bei ni mkeka. (Jina hilo la karatasi ya kubetia tumelipokea kutoka Tanzania, na sijui kwa nini tumelifurahia, kwa sababu mkeka wa kweli unaulalia miaka mitano.)

Mtu atasema mkeka una bei: ni dau unaloweka, faranga 500 au 1,000. Hapana. Dau ni pesa uliyompa akushikie. Bei ni kile anachokata. Nitaeleza kwa hesabu ya darasa la saba, kwa sababu kampuni zinaishi kwa kutegemea kwamba hatutaipiga.

Chukua mechi moja na swali lenye majibu mawili, kama magoli yatazidi mawili na nusu au la. Tuseme pande zote mbili zina nafasi sawa, nusu kwa nusu. Malipo ya haki yangekuwa kuzidisha dau kwa 2.00: ukipatia, 1,000 yako inakuwa 2,000. Kampuni haikupi 2.00. Inakupa, kwa mfano, 1.90 upande huu na 1.90 upande ule. Ukibeti mara nyingi, katika kila 1,000 unayoweka zitarudi 950 kwa wastani, na 50 zinabaki kwa kampuni. Asilimia 5. Si wizi, mfanyabiashara yeyote anahitaji faida.

Lakini nani Rumonge anabeti mechi moja? Faida ya 900 haimfurahishi kijana. Anaunganisha mechi kumi katika mkeka mmoja, na lazima zote kumi zikubali. Sasa yale makato ya asilimia 5 hayabaki asilimia 5. Yanakatwa kwenye mechi ya kwanza, kisha kwenye kilichobaki, kisha kwenye kilichobaki tena, mara kumi. Piga 0.95 mara yenyewe mara kumi uone: utapata karibu 0.60. Maana yake, katika kila 1,000 inayowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo, wachezaji wote kwa pamoja wanarudishiwa kama 600, na 400 zimebaki dirishani. Kwa mikeka ya mechi ishirini, kinachorudi ni chini ya 360.

Unaweza kuiangalia kwa upande mwingine pia. Nafasi ya kupatia mechi kumi za nusu kwa nusu ni moja kati ya 1,024. Kwa haki, aliyepatia kwa 1,000 yake angelipwa 1,024,000. Kwa 1.90 mara kumi atalipwa kama 613,000. Huyo ndiye mshindi. Atapigwa picha, atanunua fanta kwa mtaa mzima, na hakuna atakayemwambia kwamba katika ushindi wake mwenyewe amekatwa zaidi ya faranga 400,000. Ndiyo maana mabango yanasifu mikeka mirefu, na ndiyo maana bonasi hutolewa kwa atakayeongeza mechi. Muuza mawese aliyekata asilimia 40 ya bidoni angefukuzwa sokoni siku hiyohiyo.

Nilimwonyesha hesabu hii kaka mmoja wa mtaani kwetu, mvuvi, aliyenizidi kama miaka sita. Aliifuata yote, akakubali kila hatua. Kisha akaniuliza: "Mdogo wangu, kwani ziwani tunakwenda na uhakika?"

Ni swali zito, na wanaoandika dhidi ya kamari wakiwa Bujumbura huwa hawalijibu. Mvuvi wa hapa anatoka jioni na taa, anarudi alfajiri. Kwanza yanatolewa mafuta, halafu fungu la mwenye chombo na nyavu, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa vijana waliovuta. Usiku mwingine hakibaki kitu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti dagaa, na timu nzima inakaa nchi kavu siku kadhaa. Ni siku hizohizo ambazo vibanda hujaa. Mtu ambaye mapato yake yote ni bahati haoni tofauti kubwa kati ya usiku wa ziwani na mkeka wa 500. Ukimwita mjinga, wewe ndiye hujamwelewa.

Hata hivyo tofauti ipo, na ni kubwa. Ziwa halikupangwa na mtu ili lishinde. Mvuvi aliyekosa leo amejifunza upepo, amejifunza mahali, na kesho ana nafasi nzuri kuliko kijana aliyeanza juzi. Kwenye mkeka, aliyebeti miaka kumi na aliyeanza leo wanakatwa sawasawa. Zaidi ya hayo, ziwani gharama zinajulikana kabla ya kutoka. Kila kijana wa chombo anaweza kukuambia lita ngapi za mafuta zimeingia na fungu la mwenye chombo ni kiasi gani, na wakidhulumiwa wanagoma. Nilimjibu hivyo yule kaka: hebu kidai kibanda hesabu kama mnavyomdai mwenye chombo. Alicheka, akasema kwenye kibanda hakuna wa kumdai. Ni kweli. Aliyekaa dirishani ni binti wa jirani, naye analipwa mshahara mdogo kama sisi wote.

Kwa hiyo wa kudaiwa ni sheria. Hapa huwa tunaambiwa kwamba serikali haiwezi kuingia ndani ya simu ya mtu. Haiwezi? Julai 2019, Kenya ilikataa kuhuisha vibali vya kampuni 27 za kubeti, SportPesa ikiwamo, kwa sababu ya madai ya kodi. Bodi husika ikaiandikia Safaricom barua ifunge namba za kulipia za kampuni hizo, na milango ya pesa ikafungwa. Hazina ilipodai fungu lake, barua moja ilitosha. Akinamama waliokuwa wakilia miaka yote kabla ya hapo hawakuandikiwa barua. New Jersey, ambako njia ya kubeti michezo kihalali ilifunguliwa baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Mei 14, 2018, programu ya simu inajua umesimama wapi. Ukiwa nje ya mpaka wa jimbo, inakukatalia. Na Uingereza, nyumbani kwa ligi tunayoibetia, ilikataza kubeti kwa kadi ya mkopo tangu Aprili 2020, na mwaka 2025 ikaweka kikomo kwenye mashine za bahati za mtandaoni: pauni 5 kwa mzunguko kwa mtu mzima, na pauni 2 kwa aliye chini ya miaka 25. Yaani wenye ligi wamewawekea watoto wao breki, sisi tumepelekewa gari bila breki.

Hata jezi zinasema hivyohivyo. Vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana mwaka 2023 kuondoa matangazo ya kamari kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Jezi za zamani hazitachomwa moto. Zitakuja kwetu katika mitumba, kama ile ya Everton yenye jina la SportPesa. Saido Ntibazonkiza wetu, aliyefunga magoli 17 Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2022/23 na kutufanya tutembee vifua mbele, alicheza Yanga na Simba akiwa na jina la kampuni ya kubeti kifuani. Simlaumu, mchezaji hachagui mdhamini. Na tusijifanye wasafi: LLB ya Bujumbura, klabu iliyowahi kuwa bingwa wa nchi, herufi zake zimetoka Lydia Ludic, kampuni ya mashine za kamari. Mtoto anayekua akiona kamari imeandikwa kwenye vifua vya mashujaa wake hawezi kuisoma kama kitu kingine isipokuwa sehemu ya mpira wenyewe.

Wapo watakaosema vijana wapewe kazi kwanza, mengine yatafuata. Sawa, wapewe. Mawese ya Rumonge yasindikwe Rumonge, samaki wapate barafu, mafuta ya boti yapatikane. Lakini hoja hii hutumiwa sana na watu wasiokusudia kutoa kazi wala sheria, na miaka inapita.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana kabla ya kazi hizo zote. Kila mkeka, wa karatasi au wa simu, uandikwe makato yake, kwa faranga, kwa lugha inayosomeka na mvuvi: Kirundi na Kiswahili. Hesabu tayari iko ndani ya mashine inayochapisha karatasi, kwa kuwa bila hiyo kampuni isingeweza kupanga namba zake. Na simu ya aliye chini ya miaka 25 iwe na kikomo cha mwezi, kinachofungwa na kampuni ya simu yenyewe.

Wataniambia watu hawatasoma. Kama kweli hawatasoma, kampuni haina cha kuogopa, na iandike. Tena serikali haina haja ya kusubiri kampuni za watu. LONA, Bahati Nasibu ya Taifa, ni shirika la umma. Ianze na tiketi zake yenyewe. Mstari mmoja unatosha: katika kila faranga 1,000 zilizokusanywa, ngapi zilirudi kwa wanunuzi, na zilizobaki zilikwenda wapi.