Shemeji, risasi haziishii kwenye bunduki!

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungemalizia ule ugomvi wa wapangaji na bili ya maji. Nisamehe, wapangaji wasubiri kidogo. Dada yangu kaniruhusu niwasimulie yaliyomkuta, nami nisipoyasema sasa yataniwasha ulimi mpaka mwaka ujao.

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Aliolewa na Mmarekani mmoja mpole, mtu wa watu, wanaishi Texas na wana mtoto mmoja wa mwaka na nusu. Miezi minne iliyopita akanipigia simu usiku, analia.

"Mdogo wangu, mtoto kakutwa na risasi."

Weee! Niliruka kitandani. "Imempiga wapi, dada? Nani kampiga?"

"Hajapigwa na mtu. Ipo kwenye damu."

Hapo Kiswahili chetu kikanichezea shere. Kumbe risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi ni madini yenyewe, yale mazito, laini, ya kijivu, yaliyokuwa yakitiwa zamani kwenye petroli na kwenye rangi za nyumba. Neno moja, mambo mawili. Nyumbani kwa dada yalikuwa yote mawili.

Iko hivi. Shemeji ni mpenzi wa kulenga shabaha, kila Jumamosi yuko uwanjani. Ukishafyatua bunduki, kinachoruka pembeni ni ganda la shaba ya manjano, na ganda hilo laweza kutumika tena mara nyingi. Jamaa huokota maganda yake, akayasafisha, akatoa fataki iliyokwisha kulipuka, akatia mpya, akapima baruti kwenye mizani, kisha akakandamiza kichwa kipya juu kwa mashine ya mkono. Tayari, risasi mpya. Wamarekani wengi hufanya hivyo majumbani kwao ili kupunguza gharama. Mwaka 2020, corona ilipopamba moto na rafu za maduka yao zikabaki tupu, waliokuwa na mashine zao walijiona wajanja. Sheria ya serikali yao kuu haidai leseni kwa anayejaza za kwake mwenyewe. Akitaka kuuza, hapo leseni ni lazima.

Wewe msomaji wangu wa Bongo usianze kutamani. Hapa tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hayo si mambo ya kujaribu uani kwako.

Sasa shemeji alikuwa na meza yake ya kazi kwenye kona ya sebule. Utashangaa, kwa nini sebuleni, wakati nyumba ina gereji? Mwenyewe alikuwa na hoja. Gereji ya Texas wakati wa kiangazi ni tanuri, tena ndani yake mna mtungi wa kupashia maji moto kwa gesi, moto unawaka saa zote. Baruti haitaki joto wala cheche. Inataka mahali pakavu na pa baridi.

Kwa upande wa moto, bwana huyu alikuwa kasoma kweli. Baruti ya siku hizi, isiyotoa moshi mwingi, ilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Ukiiwasha ikiwa wazi, inaungua kwa moto mkali wa ghafla. Lakini ikiungua ndani ya sanduku la chuma lililobanwa kila upande, hilo sasa ni bomu. Ndiyo maana hawaifungii kwenye kasha la chuma kama pesa. Inakaa kwenye makopo yake ya kiwandani, ndani ya kabati la mbao, ili ikishika moto kabati liachie mapema. Kanuni zao za kuzuia moto zinaruhusu ratili 20 nyumbani, yaani kama kilo 9, zikiwa kwenye makopo yake. Zaidi ya hapo, mpaka ratili 50, zikae kwenye sanduku la mbao nene ya inchi moja. Fataki zisizidi 10,000, tena zibaki kwenye pakiti zake. Ukizimimina kwenye chupa, ikilia moja zinaitikia zote.

Hayo yote shemeji aliyafuata. Kabati la mbao, kufuli, ufunguo shingoni. Mtoto asingeweza kugusa hata punje ya baruti.

Basi hiyo risasi ya kwenye damu ilipita wapi?

Ilipita kwenye usafi. Maganda yaliyotumika huwekwa kwenye pipa dogo la umeme linalozunguka, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, mpaka yang'ae. Fataki nyingi zina risasi ndani yake, na zikilipuka masizi yake hubaki kwenye ganda. Pipa likizunguka, masizi yanageuka vumbi. Shemeji akifungua kifuniko pale sebuleni, vumbi linatua kwenye zulia. Na kwenye zulia nani anatambaa? Nani anatia mkono mdomoni kila dakika?

Mtoto hakuwa na dalili yoyote. Anacheka, anakula ugali wa mama yake. Alipimwa tu katika uchunguzi wa kawaida wa watoto, ikasoma 6. Tangu mwaka 2021 Marekani mtoto akifika mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu, anaanza kufuatiliwa. Na madaktari wanasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa sababu risasi inaharibu ubongo unaokua. Inakuja kuonekana baadaye, darasani.

Dada akasema vitu vyote vitupwe barabarani usiku ule ule. Shemeji akasema yeye ni mwangalifu miaka minane, haijawahi kutokea hata cheche. Sauti zikapanda. Dada akanitupia simu: "Msemeshe shemeji yako, mimi nimechoka."

Mimi tena! Mtu wa kidato cha nne, niliyeponea chupuchupu kwenye Kemia. Nikamuuliza tu, "Shemeji, kufuli lako linazuia vumbi?"

Kimya. Halafu nikasikia anavuta kiti.

Wiki tatu baadaye akanipigia simu ya picha kunionyesha alichofanya. Zulia la sebuleni limeng'olewa na kutupwa. Meza imehamia kwenye stoo ndogo ndani ya nyumba, yenye sakafu ya vigae na mlango wa kufuli. Baruti imebaki kwenye ubaridi, ila kazi ya vumbi imetoka nje kabisa. Maganda sasa anayaosha kwa maji, nyuma ya nyumba, na glavu mkononi, na maji yake machafu hayaingii kwenye sinki la vyombo. Stoo haifagiwi, wala haipitishwi ile mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, maana inalirusha upya. Inadekiwa kwa kitambaa kilicholowa. Mle ndani hali, hanywi, havuti sigara. Shati na viatu vya kazi vinabaki huko huko. Akitoka, sabuni mikononi na usoni kwanza, ndipo ambebe mtoto.

Na mezani? Kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, na kitabu cha vipimo kiko wazi mbele yake. Simu imezimwa, redio hakuna. Anasema ganda la bastola linaweza kumeza baruti mara mbili na bado likaonekana halijajaa. Kwa hiyo anayapanga yote wima, anayamulika kwa tochi moja moja kabla ya kutia kichwa. Ukizidisha, bunduki inakupasukia. Ukisahau kutia kabisa, kichwa kinakwama kwenye mtutu, na ukifyatua cha pili nyuma yake, mtutu unapasuka. Baruti iliyobaki inarudi kwenye kopo lake siku hiyo hiyo. Ikikutwa isiyo na jina, hakuna kubahatisha. Miwani ya kukinga macho haitoki usoni. Mtungi wa kuzimia moto uko mlangoni, lakini huo ni wa karatasi na mbao. Baruti yenyewe ikishika ni kukimbia tu, kwani ina oksijeni yake ndani, huwezi kuinyima hewa.

Dada kaweka sharti moja: siku ya kazi ya stoo, hakuna kumbusu mtu kabla ya kuoga. Shemeji analalamika, lakini anaoga.

Juzi mtoto kapimwa tena. 4. Bado yuko juu ya pale wanapopataka, ila inashuka. Dada anasema kila mtoto akichelewa kutamka neno moyo unampasuka, anajiuliza ni utoto tu au ni lile zulia. Hilo sikuwa na la kumjibu.

Nimelileta kwako kwa sababu risasi haiko Texas tu. Wewe fundi betri unayefungua betri za magari uani, na wewe mvuvi unayeyeyusha risasi ya chubwi karibu na jiko la mama watoto, huna bunduki wala baruti, lakini vumbi na moshi wake ni ule ule. Yeyushia mbali na watoto, vua shati nje, nawa kwa sabuni kabla mtoto hajakurukia mapajani.

Kwa leo niishie hapa. Juma lijalo, Mungu akipenda, ni wapangaji na bili yao ya maji. Nasikia wameshaanza kukatiana mabomba.