Sauti ya Mnyonge Isifungiwe Mlango wa Darasa

Wako walimu wenzetu hapa Bujumbura wasemao kwamba muziki wa dansi ni mambo ya baa, haustahili kuingia darasani. Sisi tufundishao Kiswahili Kibenga tunalipinga neno hilo bila kificho.

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 1989 Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila ya Dar es Salaam walitoa sahani ya santuri nchini Uingereza. Jina la jalada, Songs for the Poor Man, ni la Kiingereza, lakini Kiswahili ndicho kilichobeba nyimbo zake. Magitaa yanalia kama njuga, moja likidakia jingine, hata miguu haitulii. Na huku maneno yanasimulia dhiki, mapenzi na huzuni za mtu wa kawaida. Wimbo mmoja waitwa "Sauti ya Mnyonge".

Tutaambiwa kwamba Kiswahili chake hakikunyooka, kwani marehemu huyo, aliyefariki mwaka 2010, alizaliwa Kindu, Kongo. Je, chetu kimenyooka zaidi? Kiswahili cha Kindu ni jirani wa hiki kisikikacho Buyenzi na ng'ambo ya ziwa kule Uvira. Anayekidharau awadharau pia wazazi wa wanafunzi wake. Na kama kosa la nyimbo hizi ni mahali zilipopigiwa, mbona taarabu ya arusini hatuikatalii ushairi wake?

Mwanafunzi wetu hupanga ngeli zote ubaoni bila kukosea. Lakini mwambie aeleze kwa Kiswahili jinsi mama yake alivyorudi sokoni na kikapu kitupu, au baba yake alivyokesha kwenye foleni ya petroli: atanyamaza, au atakimbilia Kirundi. Kosa si lake. Tumemfundisha lugha ya kujibia mtihani, hatukumpa lugha ya kusemea yaliyomkera.

Basi twapendekeza hivi: kila wiki wimbo mmoja usikilizwe, maneno yake yaandikwe ubaoni na kujadiliwa, makosa yakiwamo, kisha kila mwanafunzi atunge ubeti mmoja juu ya kero ya nyumbani kwao. Sarufi haitapungukiwa kitu, bali itapata kazi ya kufanya.

Aonaye kwamba tumepotoka, na atujibu katika kurasa hizi hizi. Lakini kabla ya kushika kalamu, kwanza ausikilize wimbo.